Maswali ya wasomaji: Mchezo wa maneno au mchezo wa nyimbo?

Barua nyingi zilizotufikia kwa toleo hili zinauliza jambo lile lile kwa sura tofauti: mtazamaji wa jukwaani anapenda nini zaidi, mchezo wa kuigiza wa kawaida au ule unaoimbwa? Ili tusipotezane, hapa tukisema "mchezo wa maneno" tunakusudia ule ambao wahusika wanazungumza mwanzo hadi mwisho, hata kama kuna wimbo mmoja wa kufungulia. "Mchezo wa nyimbo" ni ule ambao ukiutoa wimbo, hadithi inabaki na pengo.

SWALI: Shikamooni. Mimi na mume wangu tunabishana wiki ya pili sasa. Yeye anasema watu wanapenda michezo ya nyimbo, ndiyo maana New York na London imejaa hiyo tu. Mimi nasema mchezo wa maneno ndio maigizo yenyewe, huko kwingine ni tamasha. Nani yuko sahihi? – *Mama Wawili, Tanga*

JIBU: Marahaba, dada. Kwa tiketi, shemeji anashinda. Kwa mapenzi, asishangilie bado.

Chukua Broadway ya New York. Ni kumbi 41, na ili ukumbi uhesabiwe wa Broadway sharti uwe na viti 500 au zaidi. Msimu wa 2018–2019, wa mwisho kukamilika kabla ya Korona, uliuza tiketi karibu milioni 14.8 na kuingiza takriban dola bilioni 1.83, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka kwenye michezo ya nyimbo. Sasa angalia viti. Ukumbi wa Gershwin, ambako *Wicked* imekaa tangu 2003, una viti takriban 1,900. Ukumbi wa Booth, ambao kwa kawaida hupewa michezo ya maneno, haufiki 800. Maonyesho ni 8 kwa wiki. Zote mbili zikijaa mpaka mlangoni, wa kwanza umeingiza watu zaidi ya 15,000 na wa pili 6,000 na kitu. Mtu akisoma hesabu hiyo atasema watu wamekimbilia nyimbo, kumbe huko kwingine viti viliisha.

Wenye kumbi wana sababu yao. Mchezo wa nyimbo ni ghali kuuendesha. *The Phantom of the Opera* ulikuwa na wapiga ala 27 wanaolipwa kila wiki, achilia mbali waimbaji na mafundi. Gharama kama hiyo hairudi katika ukumbi mdogo. Mchezo wa maneno wenye waigizaji watano unaweza kuishi humo, kwa hiyo humo ndimo unamowekwa. Mwaka 2025 *Good Night, and Good Luck*, mchezo wa maneno akiwemo nyota wa filamu George Clooney, uliwekwa Winter Garden, ukumbi mkubwa uliozoea nyimbo, ukawa mchezo wa maneno wa kwanza Broadway kuvuka dola milioni 4 kwa wiki moja. Bila shaka jina la Clooney na bei za tiketi vilichangia. Lakini bila ukumbi mkubwa hata Clooney asingefika hapo.

Kuna na suala la muda. Mchezo wa maneno wenye nyota wa filamu hupangiwa wiki 14 hadi 16 hivi, kwa kuwa nyota ana kazi nyingine inayomsubiri. Unafungwa ukiwa bado umejaa. Mchezo wa nyimbo hubadilisha waimbaji ukaendelea: *The Phantom* ulianza Broadway Januari 1988 ukafungwa Aprili 2023, maonyesho 13,981. Lakini mwambie shemeji kwamba mchezo uliodumu kuliko yote duniani hauna wimbo wowote wa kuubeba. Ni *The Mousetrap* wa Agatha Christie, ulioanza London Novemba 1952, ukasimama kwa ajili ya Korona mwaka 2020 na kurudi 2021. Umeshapita maonyesho 28,000. Upo katika ukumbi wa viti 550 hivi, na hapo ndipo siri yake ilipo: gharama ndogo, ukumbi mdogo, na fumbo ambalo watazamaji huombwa wasilitoboe nje.

Swali lenye faida zaidi ni nani anakwenda wapi. Msimu ule wa 2018–2019, karibu watazamaji 65 katika kila 100 wa Broadway walikuwa wageni wa mji. Mtu aliyekuja kwa siku nne na familia yake hachagui mchezo asioujua. Anachagua jina alilolisikia nyumbani na kitu ambacho mtoto wa miaka tisa hatasinzia. Wanaokwenda kwenye michezo ya maneno ni wachache, lakini kila mmoja huenda mara nyingi zaidi kwa mwaka. Hata pale Times Square, kwenye kibanda cha TKTS kinachouza tiketi za punguzo za siku hiyo hiyo, wametenga dirisha la wanaotaka michezo ya maneno peke yake. Foleni yake ni fupi.

Basi nyimbo zina wageni wengi, maneno yana wateja wa kudumu. Gawaneni ushindi.

SWALI: Sisi ni kikundi cha vijana Morogoro. Tumepata ukumbi wa viti 200 kwa siku mbili. Nusu yetu wanataka mchezo wa nyimbo kwa kuwa "ndio unaojaza". Hatujawahi kufanya. Tushaurini kwa vitendo. – *Katibu wa kikundi*

JIBU: Katibu, anza na nauli. Hiyo ndiyo inayoua vikundi, kuliko hata mavazi.

Tuseme nauli ya mtu mmoja kwenda na kurudi mazoezini ni shilingi 3,000. Mchezo wa maneno: waigizaji 6, muongozaji, fundi mmoja wa taa. Watu 8. Mazoezi mara tatu kwa wiki kwa wiki 8 ni vikao 24. Jumla shilingi 576,000. Mchezo wa nyimbo: waigizaji na waimbaji 16, bendi ya watu 5, muongozaji, mwalimu wa sauti, mwalimu wa dansi, fundi mitambo. Watu 25, vikao 40. Shilingi 3,000,000 kamili. Kiingilio kikiwa 10,000 na viti vyote 200 vikajaa, usiku mmoja ni milioni 2. Maana yake usiku mmoja na nusu wa ukumbi uliojaa umelipa nauli tu. Hujagusa kukodi vyombo, mavazi, mabango wala chakula.

Kama bado mnataka, vikao 40 msivitumie ovyo. Wiki tatu za kwanza ni nyimbo tu, mmekaa kwenye viti na kinanda kimoja. Msicheze, msiigize. Anayejifunza wimbo na hatua kwa wakati mmoja hukariri vyote viwili kwa makosa, na kosa lililokaririwa huchukua muda mrefu kung'oka kuliko lilivyoingia. Baada ya hapo hatua za dansi kwa kuhesabu, bila kuimba. Kisha maongezi. Ndipo mnaunganisha.

Ufunguo wa kila wimbo, yaani kimo cha sauti unachoimbiwa, upangwe kwa mwimbaji, usipangwe kwa mpiga kinanda. Kipimo chake ni hiki: mwimbaji acheze hatua zake kwa dakika mbili, halafu papo hapo aimbe mstari wenye sauti ya juu kuliko yote, mara tatu mfululizo. Ikikwaruza mara ya tatu, shusheni ufunguo. Wengi hupima asubuhi mtu akiwa amesimama wima, ametulia. Siku ya onyesho anafika kwenye mstari ule akihema, sauti inakatika, na kila mtu anamlaumu yeye.

Kwaya inayoruka haiimbi vizuri. Igaweni: wanaocheza kwa nguvu ubeti huu wanyamaze au wapokee kiitikio tu, wengine waliosimama pembeni wabebe sauti. Mtazamaji hatagundua.

Bendi inataka vikao viwili visivyopungua pamoja na waimbaji. Cha kwanza wote wamekaa, wanasikilizana tu. Cha pili jukwaani. Kosa tunaloliona kila mara ni waimbaji kufanya mazoezi miezi miwili kwa muziki uliorekodiwa kwenye simu, kisha bendi inaletwa siku ya onyesho. Mpiga ngoma hai huongeza kasi akiona watu. Utangulizi unakuwa mrefu kwa hesabu nne. Mwimbaji anaingia mapema, anajirudi, na tangu hapo hajiamini tena.

Sauti. Ukumbi wa watu 200 usio na mwangwi mbaya hauhitaji maikrofoni kwa waimbaji kama mnatumia kinanda na ngoma za kawaida. Mkiweka gitaa la besi na dramu, maneno yanazama, na mchezo wa nyimbo ambao maneno yake hayasikiki ni kelele yenye mavazi. Mkilazimika kuweka maikrofoni za kusimama ukingoni mwa jukwaa, zikalisheni kwenye sponji au kanga iliyokunjwa mara nne, la sivyo zitabeba vishindo vya miguu kuliko sauti. Spika zikae mbele ya maikrofoni, zikielekea kwa watazamaji. Zikiwa nyuma yake, mitambo itapiga mluzi. Kwa maikrofoni za kuvaa mwilini, adui ni jasho. Mafundi wengi duniani huvalisha kile kisanduku cha kiunoni kondomu isiyo na mafuta. Mtacheka, lakini inazuia maji kabisa, na ni rahisi kuliko kisanduku kipya. Betri mpya kila onyesho, hata kama taa yake inaonyesha bado.

Kwa ukumbi wenu na siku mbili zenu, sisi tungefanya mchezo wa maneno wenye nyimbo nne hadi sita, zinazoimbwa bila bendi, kwa ngoma mbili na kayamba tu, na watu 10 jukwaani. Hautaitwa mchezo wa nyimbo kwenye bango. Watazamaji wataondoka wakiimba kiitikio.

SWALI: Mhadhiri wetu alisema mchezo wa nyimbo ni kitu cha Wamarekani, sisi asili yetu ni tamthilia. Ni kweli? – *Mwanafunzi, Dar es Salaam*

JIBU: Kwa heshima zote kwa mhadhiri wako, tunaona ni kinyume chake. Tamthilia ya watu kuketi na kuzungumza kwa saa mbili mbele ya hadhira iliyonyamaza ndiyo iliyokuja na shule na meli. Huku kwetu mtambaji hadithi anaposema "paukwa", anategemea kuitikiwa, na katikati ya hadithi kuna wimbo unaoimbwa na wote. Waandishi wetu walilijua hilo. Penina Muhando katika *Lina Ubani* (1984) alimpa mtambaji nafasi ndani ya mchezo wenyewe. Emmanuel Mbogo aliipa tamthilia yake jina la ngoma, *Ngoma ya Ng'wanamalundi* (1988), na ngoma imo kwenye mwili wa kisa.

Vuka mpaka. Uganda, Byron Kawadwa alitoa *Oluyimba lwa Wankoko* mwaka 1971, mchezo wa nyimbo wa Kiganda kuhusu jogoo na utawala. Ulipelekwa Lagos kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika, mwaka 1977, na baada ya kurudi nyumbani mwaka huo huo Kawadwa aliuawa na watu wa Idi Amin. Kenya, wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ walijenga jukwaa lao la wazi na mwaka 1977 wakaigiza *Ngaahika Ndeenda* ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, uliojaa nyimbo ambazo wazee wa pale walizirekebisha wenyewe mazoezini. Serikali iliuzuia, na mwisho wa Desemba mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini. Ulirudi Kenya National Theatre mwaka 2022. Ukitaka kujua kwa nini wakubwa waliogopa, fikiria wimbo: hotuba inabaki ukumbini, wimbo unakwenda nyumbani na mtu.

Na Tanzania tulikuwa na kipimo chetu cha upendeleo, ingawa hakuna aliyekiita hivyo. Vikundi kama Muungano Cultural Troupe na Tanzania One Theatre (TOT) vilikuwa vikitoa usiku mzima wa mchanganyiko katika baa na kumbi za Dar es Salaam: ngoma, sarakasi, kichekesho, igizo, kwaya, taarab, vyote kwa kiingilio kimoja. Miaka ya 1990 taarab ya mipasho ilipopamba moto, Khadija Kopa akiwa TOT na Nasma Khamis akiwa Muungano, watu walikuja kusikia nani kajibiwa nini. Ukiangalia kwa jicho la jukwaa, ule mpambano wenyewe ulikuwa na wahusika, mgogoro, na sehemu ya pili iliyosubiriwa wiki nzima. Nyimbo zile zilikuwa zimebeba igizo. Mwombe mhadhiri wako alitazame hilo, kisha utuandikie alichosema.

SWALI: Nataka kutafsiri mchezo wa nyimbo wa Kimarekani kwa shule yangu. Nimejaribu wimbo mmoja, maneno hayaingii kwenye muziki. Nakosea wapi? – *Mwalimu wa Kiswahili, Nakuru*

JIBU: Mwalimu, kabla ya muziki kuna ruhusa. Mchezo wa nyimbo una wenye haki wa maneno na wenye haki wa muziki, na kutafsiri ni ruhusa ya peke yake, tofauti na ruhusa ya kuigiza. Iombe kwa maandishi kabla ya zoezi la kwanza. Kampuni kama Music Theatre International pia hukodisha matoleo mafupi ya shule yenye urefu wa saa moja hivi, na ufunguo wa nyimbo umeshashushwa kwa sauti za watoto. Usifupishe toleo kubwa mwenyewe. Mkataba haukuruhusu, na kazi hiyo imeshafanywa.

Sasa lugha. Kiingereza kina maneno mengi ya silabi moja. Mapenzi kwao ni silabi moja, kwetu "mapenzi" ni tatu. Ukijaribu kulipa neno kwa neno, mstari unafurika. Lakini Kiswahili kinalipa deni upande mwingine: "nakupenda" ni silabi nne na tayari ni sentensi nzima, mtenda na mtendwa wamo. Kwa hiyo tafsiri wazo moja kwa mstari, mengine yaache. Wimbo ukisema mambo matatu kwenye ubeti, chagua mawili yanayosukuma kisa.

Mkazo ndio unaoumiza zaidi. Kwetu mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na mdundo mzito wa muziki lazima ukutane nayo. Muziki wa Kimarekani hupenda kumalizia mstari kwa pigo zito kwenye silabi ya mwisho. Ukiweka "nyumbani" hapo, mtoto ataimba "nyumba-NI" na darasa litacheka. Kuna na hatari ya kugeuza maana: "barabara" mkazo ukiwa kwenye "ba" ya pili ni njia, ukiwa kwenye "ra" ya kwanza ni sawasawa. Tafuta neno la kumalizia lenye silabi moja, yapo machache: "la", "si", "je". Au omba ruhusa ya kuongeza noti moja fupi baada ya lile pigo zito, ili silabi ya mwisho ipate pa kutua.

Mambo mawili yanayosahaulika. "Mtu", "mke", "nchi": ile m au n ya mwanzo ni silabi kamili na inataka noti yake. Waimbaji huimeza, halafu hesabu inapungua. Pili, swali. Tukizungumza, "umekula" na "umekula?" tunavitofautisha kwa kupandisha sauti tu. Wimbo umeshachukua upandaji na ushukaji wote wa sauti, kwa hiyo swali linageuka taarifa. Weka "je" au "kwani", au ulizia kwa "nani", "lini", "wapi".

Njia ya uhakika kuliko zote: usianze kwa kalamu. Soma mstari wako kwa sauti ya kawaida huku mtu mwingine akipiga mdundo kwa kofi. Pale ulimi wako unapokwama ndipo mtoto atakapokwama.

SWALI: Mwaka jana tulitoa mchezo mmoja wa nyimbo na mmoja wa maneno. Wa nyimbo ulijaa, wa maneno tukapata nusu ukumbi. Tuachane na maneno? – *Kiongozi wa kikundi, Arusha*

JIBU: Bado. Kwanza tuwatoe ndugu kwenye hesabu.

Mchezo wa watu 20 jukwaani, kila mmoja akileta mama, shangazi, mchumba na majirani wawili, tayari ni viti 100. Mchezo wa watu watano huleta 25. Viti hivyo havikuchagua aina ya mchezo. Vilimchagua mtoto wao. Toeni tiketi za ndugu zenye rangi yake, mzihesabu mbali. Kilichobaki ndicho soko lenu.

Kisha tarehe. Onyesho la Ijumaa baada ya mshahara na onyesho la tarehe 17, watu wamechacha, hayalinganishwi. Fanyeni walau maonyesho matatu ya kila aina, siku ile ile ya wiki, nafasi ile ile ya mwezi, kiingilio kile kile, ukumbi ule ule. Bango nalo lifanane kwa ukubwa na lining'inizwe siku sawa. Vikundi vingi huutangaza mchezo wa nyimbo wiki tatu na wa maneno siku nne, kisha vinashangaa.

Hesabu muhimu ni ya dakika tano baada ya mapumziko. Mtu asimame nyuma ahesabu vichwa tena. Aliyelipa ameshalipa, aliyerudi kwenye kiti amesema anachopenda. Mchezo wa maneno unaorudisha watu 95 kati ya 100 una afya kuliko wa nyimbo unaorudisha 140 kati ya 200.

Mkitaka kuwauliza, msiulize "unapenda aina gani?" Watu hujibu kinachowapa heshima, mbele ya mwalimu husema tamthilia, mbele ya marafiki husema muziki. Karatasi ya maswali matatu inatosha: onyesho gani la mwisho ulilipia mwenyewe? Nani alikwambia kuhusu hili la leo? Sehemu gani uliona ndefu? Hilo la tatu ndilo litakalowapa kazi. Kwenye michezo ya nyimbo watataja wimbo uliosimamisha kisa bila kukisogeza, na kwenye michezo ya maneno watataja ukurasa ambao mtu mmoja alihutubia.

SWALI: Mbona Nairobi siku za wikendi kinachojaza si nyimbo wala tamthilia nzito, ni vichekesho? – *Mtazamaji wa South B*

JIBU: Kwa sababu hapo mnakwenda kama kundi: wapenzi wawili, wenzako wa ofisini, marafiki wa chuo. Kicheko kinatimiza kazi hiyo vizuri. Kundi kama Heartstrings lilijenga wateja wake kwa vichekesho vipya mara kwa mara, vyenye watu wachache jukwaani, mandhari ya sebule moja, na lugha inayoruka kati ya Kiingereza, Kiswahili na Sheng kama mnavyozungumza wenyewe. Hicho ni mchezo wa maneno, kaka, hata kama hakuna anayekiita hivyo. Ukumbi mwingine unaojaa bila makelele ni wa wanafunzi wanaoletwa kwa basi kuona vitabu vya kutahiniwa vikiigizwa. Hao hawakuulizwa wanapenda nini.

SWALI: Nakwenda London kumtembelea dada yangu. Kiingereza changu ni cha kuombea maji. Nikaone nini? – *Bibi wa Pemba*

JIBU: Shikamoo bibi. Nenda ukaone *The Lion King* pale Lyceum, upo tangu 1999. Simba, Rafiki na Pumbaa majina yao umeyajua tangu utotoni, na hadithi inasomeka kwa macho. Nyimbo nyingi za kwaya ni za Kizulu, kwa hiyo hata jirani yako Mwingereza haelewi, mtakuwa sawa. Omba kiti cha chini karibu na njia ya katikati, kwani wanyama hupita humo wakiingia.

Ukitaka mchezo wa maneno, tafuta onyesho lenye maandishi yanayopita kwenye kioo pembeni. National Theatre huwa nayo kwa siku maalumu. Kusoma ni rahisi kuliko kusikia. Ukumbi wa Globe nao upo kando ya mto. Mwaka 2012 waigizaji kutoka Kenya waliigiza humo Shakespeare kwa Kiswahili, *The Merry Wives of Windsor*. Tiketi ya kusimama ndiyo ya bei ndogo kuliko zote, lakini ni saa mbili hadi tatu bila kiti na hakuna paa juu yako. Kwa magoti yako, bibi, mwambie dada alipie benchi na akodi mto wa kukalia.

SWALI: Kwenye mchezo wetu wa nyimbo watazamaji walipanda jukwaani kumtunza mwimbaji. Mhusika wake alikuwa amefiwa. Tulishindwa kuendelea. – *Muongozaji, Zanzibar*

JIBU: Usiwazuie, wamezoea taarab na kutunza ni adabu yao. Wape mahali. Weka mhusika mmoja, jirani au mpishi wa msibani, mwenye sahani ya rambirambi mguu wa jukwaa, upande wanakopandia. Mtunzaji atatia noti humo kama anayekwenda msibani, na mwimbaji aendelee kulia. Mwambie mpiga kinanda arudie hesabu nane za kiitikio mpaka muongozaji ampe ishara ya taa. Na asiruhusiwe mtu yeyote kubandika noti kwenye paji la uso: gundi ya maikrofoni iko hapo.